Nyota Tuliyoiita Mjane

Chumba cha Upimaji,
Ghorofa ya Pili, Jengo la Sayansi,
S.L.P. 418.

Jumatano, tarehe 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naitanguliza shikamoo hii mbele ya maneno mengine yote, ikukute umeketi, miguu juu ya kile kigoda chako, na miwani ikiwa puani, si juu ya kichwa ambako huwa unaisahau kisha ukaitafuta nyumba nzima. Hujambo? Magoti yanasemaje? Uliniandikia kwamba la kushoto limepata nafuu, ila la kulia limegoma na linadai haki zake. Nilicheka, kisha nikaona haya kwamba nimecheka, maana ni magoti hayohayo unayotaka kuyapandisha treni siku mbili kwa ajili yangu.

Huku nyumbani hawajambo. Baba bado anashikilia kwamba hana haja ya miwani, na bado analisoma gazeti kwa kulisogeza mbali mpaka mkono unamwishia. Mama amepona kikohozi. Mdogo wangu, yule anayesomea uuguzi, amefaulu mitihani yake, ingawa habari hiyo niliipata kwa Mama, si kwake mwenyewe. Nitalirudia jambo hilo. Mimi ni mzima wa mwili. Kuhusu mengine, naomba unipe nafasi nikufikishe polepole.

Ahsante kwa barua yako ya mwezi uliopita. Umenieleza kwamba barua yangu uliisoma mbele ya kwaya nzima kabla ya mazoezi, wakapiga makofi, na mpiga kinanda akasema sasa ukoo wetu una mtu wa mbinguni aliye hai. Umenieleza kwamba gauni la kijani limekwisha kushonwa. Tena umeniuliza swali moja kwa herufi kubwa: siku ya mkutano ukae mstari wa mbele au wa nyuma? Swali hilo nimetembea nalo siku tisa bila kulijibu. Leo nitalijibu, lakini si sasa hivi.

Kwanza niruhusu nikueleze kazi yangu sawasawa. Katika barua iliyopita niliieleza kwa maringo, na mambo ya maana yakabaki nje.

Watu wakisikia kwamba napima nyota hudhani silali. Mwenye nyumba wangu hunitazama kwa huruma kila asubuhi, akaniuliza kama leo angalau nilipata lepe la usingizi. Ukweli ni kwamba naingia kazini saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi jioni kama karani yeyote, na kuku hunikuta nimekwisha lala. Darubini iko mlimani, mbali, mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Wanaokesha wako huko. Sisi tunaletewa picha. Chumba chetu kina madawati manne, feni yenye panga moja lililopinda linalogonga kila likipita, na pazia la kitambaa cheusi dirishani ili jua lisituvurugie vioo vya kompyuta. Mchana kutwa tumo gizani, tukitazama usiku wa watu wengine.

Kuna makundi ya nyota yaliyosongamana kiasi kwamba katika picha huoni pa kupitisha uzi baina ya nyota moja na jirani yake. Miongoni mwake zimo ambazo mwanga wake hupanda na kushuka, baadhi kwa muda wa saa chache, baadhi kwa wiki nzima. Chumbani kwetu tunaziita geugeu. Wajibu wangu ni kupima kila geugeu ilikuwa na mwanga kiasi gani katika kila picha, ili mwendo wake ujulikane. Nyota ikiwa peke yake, hiyo ni kazi ya dakika moja. Balaa liko kwenye msongamano. Hewa huivuruga kila nyota ikawa doa, doa hili likamwagikia doa lile, nawe ukipima kwa pupa utapima nyota tatu ukidhani umepima moja.

Dawa yake ni subira. Unatafuta nyota iliyojitenga, unajifunza umbo la doa lake, kisha unaingia katikati ya kundi na kuwaondoa majirani mmojammoja kwa umbo hilohilo, mpaka abaki yule unayemtaka.

Naamini wewe utanielewa haraka kuliko wakaguzi wetu, kwa kuwa ndivyo ulivyonifanyia mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Katika kwaya yako ya shule ulinipanga ubavuni mwa binti wa fundi cherehani, mwenye sauti kama kengele, na muhula mzima kila mtu alinisifu kwamba naimba vizuri. Siku moja ukamtuma yule binti akalete daftari la nyimbo ofisini, ukatuamuru tuendelee, na pale nilipokuwa nimesimama pakawa kimya. Nilikuwa nachezesha midomo tu. Hukunigombeza. Ulinihamishia mwisho wa mstari, ukaenda kusimama nyuma kabisa ya ukumbi, ukainua mkono, ukaendelea kuuinua mpaka uliponisikia. Tangu siku hiyo ukaniita Mwangwi, na mpaka leo wapo binamu wasiojua kwamba nina jina jingine.

Narudi kwenye nyota. Mwanga haupimwi hivihivi. Unachagua nyota moja isiyobadilika, unaifanya kuwa kipimo, na nyingine zote unazisema kwa kuzilinganisha nayo: hii imeipita kidogo, ile imepungukiwa nusu. Katika kundi letu nyota hiyo iko pembeni kabisa, inang'aa, haina jirani wa kumwagikiana naye. Wapimaji waliotutangulia waliibatiza Mjane. Kila mtu humpenda Mjane kwa sababu hamsumbui mtu. Ukimpima asubuhi, saa nne unakunywa chai.

Hata hivyo chumba chetu kina sheria moja, nayo imebandikwa ukutani juu ya birika: nyota ya kulinganishia haiaminiwi kwa sura yake. Sharti iwe na mashahidi wawili, yaani nyota nyingine mbili zinazopimwa katika picha zilezile, ili Mjane akiyumba wao waseme. Mashahidi wa Mjane wamo katikati ya msongamano wenyewe. Kuwapima katika picha moja tu, mpaka umewaondoa majirani wote, ni kazi ya asubuhi nzima ya kukodoa macho. Mimi nilikuwa na picha mia moja arobaini na tatu.

Nami nilikuwa na haraka. Kitengo kilituajiri wahitimu wawili kwa majaribio, mimi na kijana mmoja tunayemwita Desimali, kwa sababu hata ukimuuliza saa atakujibu kwa nukta tatu. Nafasi ya kudumu ilikuwa moja. Nilitaka kumaliza kabla yake, na nilitaka ionekane kwamba nimemaliza kabla yake. Katika kabati nikakuta daftari la jalada la bluu, mali ya mpimaji aliyestaafu mwaka mmoja kabla sijafika, ambaye wote humwita Mama Miwani. Ndani yake mlikuwa na jedwali safi linaloonyesha kwamba Mjane na mashahidi wake hawatofautiani. Mwandiko ulikuwa mzuri sana. Nikalinakili jedwali lile katika ripoti yangu, nikamchukua Mjane, nikaanza kazi. Mashahidi sikuwapima hata katika picha moja.

Matokeo yake uliyasoma mwenyewe. Orodha yangu ilikuwa na nyota kumi: saba ni geugeu zinazojulikana, na tatu zimehesabiwa miaka yote kuwa ni tulivu. Zile saba zilipanda na kushuka kwa kishindo kama ilivyotarajiwa. Lakini hizi tatu nazo zikaanza kucheza, kidogo tu, zote kwa mzunguko wa siku kumi na tisa. Nilijiambia kwamba nyota za kundi moja huzaliwa pamoja, kwa hiyo si ajabu zikapumua pamoja. Nikampelekea Mkuu wa Kitengo. Mkuu akaniingiza katika ratiba ya mkutano wa wapima nyota, dakika ishirini, asubuhi ya siku ya pili. Nami nikakuandikia wewe ile barua yenye mistari iliyopigiwa rula.

Wa kwanza kuniharibia furaha alikuwa Desimali. Tulikuwa tumesimama kwenye birika, akikoroga chai yake kwa kalamu ya risasi.

"Dada," akaniambia, "hizo nyota zako tatu huwa zinaonana wapi?"

"Zionane za nini?"

"Nauliza tu. Moja iko kaskazini ya kundi, moja kusini, moja imezama katikati. Lakini zote zinapanda siku moja na kushuka siku moja. Zina mwalimu wa kwaya?"

"Una wivu," nikamwambia. "Wivu wa nukta tatu."

"Wa nukta nne," akasema, akaondoka na kikombe chake.

Wenzetu walicheka, nami nilicheka pamoja nao. Kisha nikarudi dawatini na sikuweza kuandika hata mstari mmoja, kwa sababu alikuwa ametaja kwaya.

Huenda wewe umesahau sherehe ile ya kufunga shule; mimi sijaisahau. Ukumbi ulijaa wazazi. Katika wimbo wa pili tukaanza kukwama, sote, sauti ya juu kwa ya chini, wakubwa kwa wadogo, na baba mmoja mstari wa mbele akaziba mdomo kwa leso ili asicheke. Ukashusha mikono. Wimbo ukakatika. Ukawageukia wageni, ukasema kwa sauti ileile unayoagizia chumvi dukani, "Watoto hawana kosa. Mimi nimewaanzishia juu mno. Tunaanza upya." Ukatupa sauti ya chini, tukaimba mpaka mwisho.

Watoto arobaini hawakosei kwa kiasi kilekile kwa wakati mmoja. Nilijua mambo haya nikiwa na miaka kumi, na nikayasahau baada ya kupata shahada.

Nikawapima mashahidi kama ilivyonipasa tangu mwanzo. Nilichukua picha ishirini tu, zilizotawanyika katika miezi minne, nikafanya picha mbili kwa siku, asubuhi moja na alasiri moja, feni ikigonga. Kufikia siku ya saba nilikuwa nimekwisha jua, lakini nilimaliza zote ishirini kwa kuwa nilitumaini nimekosea. Mashahidi nao walikuwa wakicheza, kwa siku kumi na tisa, sambamba na zile tatu zangu. Maana yake ni kwamba hakuna hata moja kati yao iliyokuwa ikicheza. Aliyekuwa akicheza ni Mjane. Yeye alipofifia, wengine wote walionekana wameng'aa. Alipong'aa, wengine wote walionekana wamefifia. Miezi minne nilikuwa nikipima nyota moja ambayo sikukusudia kuipima, huku nikiwasingizia majirani zake.

Nikampigia simu Mama Miwani. Anaishi kwa binti yake, na nilimsikia mjukuu akilia nyuma yake.

"Lile jedwali?" akasema. "Mwanangu, lile ni la picha moja tu. Hukusoma ukurasa wa kwanza?"

"Nilifungua moja kwa moja kwenye jedwali, Mama."

"Ehee. Hata mimi ningefungua hapo. Ndipo palipoandikwa vizuri." Akambembeleza mtoto. "Ukurasa wa kwanza nimeandika: picha moja, kazi haijakamilika, Mjane achunguzwe. Nilimshuku yule tangu zamani. Nikastaafu naye moyoni."

Baada ya simu ile nilikwenda kabatini nikaufungua ukurasa wa kwanza. Yameandikwa hayohayo, kwa mwandiko uleule mzuri. Kwa hiyo, Shangazi, hata kumgundua Mjane si kazi yangu. Kuna aliyetangulia, naye aliweka onyo mahali ambapo mtu yeyote asiye na haraka angeliona.

Sasa nakufikisha pale ambapo ningependa usifike. Sikwenda kwa Mkuu siku hiyo. Wala kesho yake. Siku mbili nzima niliendelea kutengeneza michoro ya kuonyesha ukumbini, ile mistari mizuri mitatu inayopanda na kushuka pamoja, nikaichagulia rangi. Nilikwenda hadi mlangoni kwa Mkuu na fomu ya mkutano, nikasema, "Naomba sahihi," akasaini, nikashukuru, nikatoka. Nilikuwa nimekwisha piga hesabu. Wa kurudia vipimo vyangu angehitaji mwaka, labda miwili, na kufikia wakati huo ningekuwa na nafasi ya kudumu na dawati la dirishani. Desimali alikuwa anashuku tu, na anayeshuku huwezi kumwita shahidi.

Nilichoka, Shangazi. Si uchovu wa macho. Huo nimeuzoea, nautuliza kwa kitambaa cha maji baridi. Nilichoka kiasi cha kukaa kitandani na viatu, nikiutazama mlango, kwa sababu kuvivua kulitaka niamue kitu.

Kilichonitoa kitandani ni gauni lako la kijani. Nilikuona umekaa katika ukumbi ule, mkoba magotini, umesafiri siku mbili. Nikajiona mimi mbele, nikieleza habari za nyota tatu ambazo najua hazifanyi ninayosema. Nawe ungepiga makofi, maana usingekuwa na namna ya kunibaini. Ningekuwa nimerudi ubavuni mwa binti wa fundi cherehani, nachezesha midomo.

Asubuhi nikaenda. Mkuu alikuwa anamenya chungwa juu ya ripoti ya mtu. Nilitumaini si yangu.

"Umeleta fomu nyingine?" akaniuliza.

"Hapana, Mkuu. Nimekuja kuiomba ile ya kwanza."

Akaweka kisu chini. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Hakunikatiza, isipokuwa mwishoni alipouliza maswali yake mafupimafupi kama mtu anayejaza kadi ya hospitali.

"Mashahidi uliwapima lini?"

"Nimemaliza juzi."

"Na kabla ya hapo?"

"Sikuwapima. Nilinakili."

"Kwenye ripoti uliandika umewapima?"

"Niliandika wamekaguliwa."

"Wamekaguliwa," akasema, akalirudia neno lile kama mtu aliyekuta mchanga kwenye wali. Kisha, "Nani mwingine anajua?"

"Mama Miwani. Na Desimali anashuku."

"Desimali alikuja kwangu wiki iliyopita," akasema. "Hakusema kitu. Aliuliza tu kama ratiba ya mkutano inaweza kubadilishwa. Nikamwambia asubiri. Nilitaka kuona kama utakuja kwa miguu yako."

Aliniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba kuna vyumba vingine, katika nchi nyingine, ambako watu wanamtumia Mjane kama kipimo, nao hawajui. Kwa hiyo sitaondolewa kwenye ratiba kama nilivyoomba, bali nitasimama nieleze kwamba Mjane hafai, nimefikaje kujua, na nimekosea wapi. Si dakika ishirini tena. Dakika saba, alasiri ya siku ya mwisho, saa ambayo watu wanaanza kuvaa makoti na kuulizana habari za mabasi. Na slaidi ya kwanza iwe ni jina la Mama Miwani.

La pili nililijua kabla hajalisema. Jumatatu tangazo lilibandikwa ubaoni: nafasi ya kudumu amepewa Desimali. Mimi nimeongezewa miezi sita ya majaribio, nizirudie picha zote mia moja arobaini na tatu, na mashahidi wote wawili katika kila picha.

Nilitarajia Desimali atembee kifua mbele. Badala yake alivuta kiti chake mpaka dawatini kwangu, kikikwaruza sakafu njia nzima, akakaa.

"Nipe picha hamsini," akasema.

"Sihitaji huruma yako."

"Nani ana huruma? Nataka umalize, uhamishe hiyo feni ya upande wako. Inanigonga kichwani tangu Januari."

Nikampa hamsini. Ananirudishia mbili kwa siku, akiwa ameandika pembeni mahali nilipomsahau jirani fulani, kwa nukta tatu. Anafanya kazi safi kuliko mimi. Nimechelewa kulikubali hilo, na hata sasa nikiliandika mkono unakuwa mzito.

Niliahidi kurudia habari za mdogo wangu. Nilimpigia simu kumpongeza, nikamuuliza kwa nini hakuniambia mwenyewe kwamba amefaulu.

"Niseme ili iweje, Dada?" akanijibu. "Nikisema nimepata themanini, Baba atauliza wewe mwaka ule ulipata ngapi."

Ni kweli, Shangazi. Baba huuliza hivyo hata mbele ya wageni, na miaka yote mimi nilikaa pale mezani nikitazama sahani yangu, nikiona raha. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba mwaka ule nilifeli somo moja nikalirudia kimyakimya, na cheti ninachotajwa nacho ni cha mara ya pili. Nilimwambia yeye, katika simu ile. Kisha nikamsimulia habari za Mjane toka mwanzo hadi mwisho.

"Kwa hiyo nyumbani Mjane ni wewe," akasema.

Akacheka mpaka akapaliwa. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza katika wiki tatu. Baba bado sijamwambia, si la nyota wala la cheti. Nitamwambia Jumapili nikienda kula nyumbani. Naomba asilisikie kwako kwanza. Nataka liwe ni mimi.

Kwaya lakini naomba uwaambie wewe. Uliwasomea ile ya kwanza, wasomee na hii, ukipenda uruke sehemu ya viatu. Mpiga kinanda mwambie mtu wake wa mbinguni ameshuka, yuko ghorofa ya pili, anasahihisha kazi.

Nisalimie Bibi, umbusu mkono kwa niaba yangu, na umwambie nakula vizuri. Nisalimie binamu yangu fundi rangi na mkewe, na pacha wao ambao najua wameota meno. Nisalimie binti wa fundi cherehani, ambaye nasikia sasa ana mabinti watatu na wote wana ile kengele kooni. Wanakwaya wote nawapa mkono, kuanzia mstari wa mbele. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akuongezee siku, na ayape magoti yako utii.

Nilipoketi kuandika, nilikusudia kukuambia usije. Nilikuwa na sababu zilizopangwa vizuri: safari ndefu, magoti, ukumbi una ngazi, na dakika saba si kitu cha kumtoa mtu nyumbani kwake. Nimezifuta zote. Kama unaweza kusafiri, njoo. Siku imebadilika, ni Alhamisi ya tarehe ishirini na nne badala ya Jumatano, saa tisa na nusu alasiri. Nitakupokea kituoni, na ngazi tutazipanda pamoja, tukipumzika kila tano.

Na swali lako. Usikae mstari wa mbele. Kaa nyuma kabisa, karibu na mlango, pale ambapo wewe mwenyewe ungesimama. Watu watakuwa wanavuta viti na kutafuta mikoba yao, na siku hiyo ubavuni kwangu hatakuwapo mtu. Usiponisikia, inua mkono.

Wako akupendaye, mtoto wa kaka yako,

Mwangwi